Mbuzi wa Kosa

Mkono ulikuwa umeshashikwa ndipo Bartolomayo akatambua ni mkono wa nani.

Alikuwa ameingia uani kwa Mama Anitha kwa mwendo wa wagombea, ule wa mtu anayechelewa hata mahali asikongojewa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye jamvi wakichambua karanga za mbegu, khanga zimefunika vichwa kwa sababu ya upepo wa Oktoba, upepo wa Dodoma unaookota vumbi la kata nzima na kulimwaga machoni mwa watu. Nyuma yake alikuja Mwalimu Gaudence, katibu wa chama chao katika kata ya Mawelele, simu mkononi, akipiga video. Mwalimu alikuwa amemfundisha kazi: shika mkono, mtazame mtu usoni, taja jina lake. Asubuhi yote mafunzo yale yalikuwa yameleta tabasamu kila nyumba. Basi Bartolomayo akayafuata hivyo hivyo kwenye jamvi, mkono baada ya mkono, "Mbukwenyi akina mama, naomba kura, alama ni ndoo, msiisahau ndoo," mpaka akafika mwisho, akainama, akaudaka mkono wenye maganda ya karanga, akautikisa kwa nguvu, akamtazama mwenyewe usoni na kufungua kinywa ataje jina.

Alikuwa Ruthu, mama yake Yudith. Mama mkwe wake.

Kama wewe si mtu wa huku utauliza, kwani kuna nini hapo? Kuna mengi, ndugu yangu. Katika nyumba za Kigogo zinazojishika bado, mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hamkazii macho, hamtaji jina, na wakikutana njiani mmoja hupinda akapita vichakani kama kuna kitu amekisahau huko. Tangu amwoe Yudith, Bartolomayo alikuwa akimjua mkwe wake kwa kisogo na kwa sauti ya nyuma ya ua. Waliheshimiana sana kwa namna hiyo. Akipata nyama, anaituma. Mkwe naye akivuna mlenda, anautuma. Leo amemtikisa mkono mbele ya watu kama anachota maji kwa pampu.

Ruthu aliuvuta mkono wake. Akajifunika uso wote kwa khanga, akainuka kwa taabu kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa unamsumbua, akaingia ndani ya nyumba ya Mama Anitha bila kukaribishwa. Jamvini hakuna aliyezigusa karanga.

"Mungu wangu!" Mama Anitha akasema. "Bartolomayo! Umefanya nini?"

Bartolomayo alikuwa ameukodolea macho mkono wake. Mwalimu Gaudence, ambaye ni mtu wa Bukoba, na ambaye miaka yake yote ya kufundisha Dodoma haikumfunza jambo hilo, akazima simu akiwa na furaha tele. "Safi sana, Mheshimiwa! Hii ya mwisho imetoka vizuri kuliko zote. Ile hisia!" Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshaituma kwenye kundi la WhatsApp la kata, na maneno yake juu: Mgombea wetu, karibu na wananchi.

*

Yudith aliiona gengeni kwake. Mteja alinunua nyanya, akapokea chenji, kisha badala ya kuondoka akamgeuzia simu. "Mama Erica, huyu si mumeo? Na huyu si bibi?" Mteja hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Yudith zaidi. Akafunika nyanya kwa turubai mchana kweupe, akaenda nyumbani.

Alimkuta mumewe kwenye karakana yake mbele ya nyumba, amekaa juu ya mtungi wa gesi mtupu. Bartolomayo ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, na tangu Mtumba ijengwe maofisi ya serikali hakuwahi kukaa hivyo mchana. Lakini tangu achukue fomu ya udiwani kwa chama kidogo, kazi zilikuwa zimepungua zenyewe. Mtumishi mmoja wa wizara alikuja mpaka pale kuifuta oda ya geti lake, akaomba arudishiwe malipo ya awali. "Usinielewe vibaya, fundi," alisema, akiangalia barabarani. "Wewe mwenyewe unaelewa." Bartolomayo alimrudishia, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

"Nimeonyeshwa," Yudith akasema.

"Sikumwona, Mama Erica. Alikuwa amejifunika."

"Wote walikuwa wamejifunika."

"Ndiyo hivyo sasa. Nilikuwa nashika tu. Mkono ukija nashika." Akaufuta uso wake. "Nitazame nilivyo. Nimekuwa mjinga kabisa."

Yudith hakupata nafasi ya kumjibu, maana Mama Anitha alikuwa ameshaingia, na hakuketi. Mtu anayeleta ujumbe wa namna ile haketi. "Bibi Ruthu anasema hana maneno mengi," akaanza. "Kosa limetendeka, limalizwe. Mbuzi jike, asiye na kilema, aletwe na mtu mzima wa upande wenu. Aletwe mchana, watu waone, kwa kuwa na ule mkono waliuona. Na wewe Yudith usitie mguu kwake mpaka yaishe."

"Na kidonda?" Yudith akauliza. "Nani atakiosha?"

"Nimejitolea mimi. Kanifukuza."

Ruthu alikuwa na sukari, na juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na kidonda kilichogoma kufunga tangu kiangazi kianze. Kila alasiri Yudith alifunga genge akaenda kukiosha kwa dawa ya zahanati na kukifunga upya. Nesi alikuwa amesema wazi: kisiachwe hata siku moja, kikiachwa kitapanda, na kikipanda watakata. Ruthu hakumruhusu mtu mwingine kukigusa. Alikuwa mwanamke wa kujificha mwili wake, na kwenye mguu ule binti yake tu ndiye aliyekuwa na ruhusa.

"Kesho ni mnada," Bartolomayo akasema papo hapo. "Nitanunua mbuzi kesho. Jioni tutakuwa tumemaliza."

Yudith akavuta pumzi. Kwa muda mfupi ule, jambo lilionekana dogo.

*

"Mbuzi?" Mwalimu Gaudence alisimama katikati ya karakana, mikono kiunoni. "Wiki tatu kabla ya kura, mgombea anampelekea mpiga kura mbuzi? Mheshimiwa, umelala vizuri kweli?"

"Ni faini, Mwalimu. Kosa umelipiga picha wewe mwenyewe."

"Nimeshaomba radhi kwa hilo, na nitaomba tena. Lakini watu wa Hassani, wale wa chama kikubwa, hawataandika faini. Wataandika rushwa! Wanatutafuta, ujue. Tangu juzi, walipoona watu wa mtaa wa juu wanatusikiliza, wanatutafuta."

Hilo lilikuwa kweli. Mtaa wa juu hauna bomba. Wanawake wa huko hushuka na ndoo mpaka kwenye kioski cha maji cha bondeni, na Bartolomayo, aliyechomelea stendi za matangi ya watu wenye uwezo kata nzima, alikuwa amechoka kuchomelea matangi yasiyofika kwao. Ndiyo sababu aligombea, hana nyingine. Chama kikubwa hakikumpa nafasi, akaenda kwa Umoja wa Ustawi, chama cha ndoo, ambacho kata nzima kilikuwa na katibu mmoja, spika moja ya kuazima kanisani, na bendera ambazo Yudith mwenyewe alizipinda kwa mkono.

Wakakubaliana kwenda kuuliza. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi katika kata alikuwa mtendaji wa kata, binti wa Tukuyu aitwaye Bupe, kijana bado, mwenye sauti ya chini na meza safi. Aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Huyo mama amejiandikisha kupiga kura?" akauliza.

"Amejiandikisha."

"Basi baba, siwezi kukuruhusu. Mgombea haruhusiwi kumpa mpiga kura zawadi, na mbuzi ni mbuzi."

"Si zawadi, mwanangu. Namlipa."

"Nimekuelewa. Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake, mimi mwenyewe nimewahi kuruka mtaro wa barabara na viatu vya ofisini." Gaudence akacheka, Bupe hakucheka. "Lakini nikikaa kwenye kiti hiki siwezi kuandika hivyo. Ngoja baada ya uchaguzi, baba. Ni wiki tatu tu. Ukimpeleka sasa na mtu akalalamika, nitaitisha kamati ya maadili. Wanaweza kukusimamisha kampeni mpaka mwisho, na hiyo karatasi ya rushwa itakufuata popote utakapokwenda. Na mimi ndiye nitakayeiandika."

Bartolomayo akamshukuru. Njiani Gaudence aliimba wimbo mmoja tu: wiki tatu, wiki tatu, wiki tatu si kitu.

*

Yudith ndiye aliyekwenda kuomba hizo wiki tatu. Alifika nyumbani kwa mama yake alasiri, saa ileile aliyozoea, akasimama nje ya ua wa minyaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo."

"Nimesimama."

"Mmekula?"

"Tumekula. Mama, umekiosha?"

"Mguu ni wangu."

Yudith alimwona kwa katikati ya matawi, amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa juani. Kitambaa kilikuwa kilekile alichokifunga yeye juzi. Akamweleza yote, kanuni, kamati, yule binti wa Tukuyu. Ruthu alisikiliza, akipukuchua mtama kwenye ungo.

"Kwa hiyo mimi nimekosewa," Ruthu akasema, "halafu ningoje serikali ihesabu kura ndipo nijue kama nimekosewa."

"Wiki tatu, mama."

"Vijana wote wameiona hiyo picha. Wameniona nimeshikwa mkono na mkwe wangu, natikiswa. Nikinyamaza, wataona ni kawaida. Kesho nao watashika wakwe zao, na wataniambia mimi ndiye nilianza."

"Wanaweza kumwondoa kwenye kampeni!"

"Mimi sikumtuma akagombee." Sauti yake ikapungua ukali. "Yudith, mimi mkwe wangu nampenda. Hilo unalijua. Ndiyo maana nimesema mbuzi mmoja. Angekuwa mtu nisiyempenda, ningekaa kimya nikamwacha na kosa lake."

Upepo ukageuka. Ukatoka uani kuja nje, na Yudith akainusa harufu ya kidonda. Akayasogeza matawi ya minyaa aone vizuri, akayaacha haraka kwa sababu ya utomvu. Alilia akiwa amesimama palepale, na mama yake alimsikia akilia, akaendelea kupukuchua mtama.

Nyumbani alimwandalia mumewe maji ya kuoga na ugali. Hakutaja kampeni. Hakumlaumu mama yake wala hakumlaumu yeye. Alisema tu, "Mguu unanuka, Baba Erica. Nimeusikia nikiwa nje ya ua."

Bartolomayo aliosha mikono kabla hajamaliza kula.

"Kesho namfuata Baba mdogo Eliakimu," akasema. "Mbuzi aende."

Mwalimu Gaudence alipoambiwa aliketi chini. "Nimeuza televisheni yangu kwa ajili ya chama hiki," alisema polepole, hakuwa na hasira tena. "Mke wangu hadi leo anaangalia ukuta." Kisha, baada ya kufikiri: "Angalau mpeleke usiku."

"Kasema mchana, watu waone."

"Haya. Basi mnunulie mwenye afya, tusiaibike mara mbili."

*

Mbuzi alikuwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, wa kutoka Chemba, mnene, mkaidi. Eliakimu alivaa koti lake la kanisani akamvuta kwa kamba katikati ya barabara ya kata, na kila hatua kadhaa mbuzi alisimama akataka kurudi kwao. Bartolomayo alifuata mbali, mikono nyuma. Watu walitoka madukani. Walioelewa walimwamkia Eliakimu kwa heshima. Wasioelewa waliuliza, wakaelezwa, wakaelewa kwa namna yao.

Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Hassani, mgombea wa chama kikubwa, alisimama kijana wake wa kampeni, Daudi, amenyanyua simu.

"Mheshimiwa Ndoo!" akaita. "Leo sera imekuja na miguu minne?"

Watu wakacheka. Bartolomayo naye akatabasamu, kwa sababu ilichekesha. "Piga vizuri, Daudi," akamwambia. "Na uso wangu utoke."

Alipofika penye kona ya ua wa minyaa alisimama na kuugeuzia mgongo. Alisikia sauti ya Eliakimu ikisema maneno yanayosemwa, halafu sauti ya mkwe wake: "Yamekwisha. Mkwe wangu hana kosa kwangu." Mbuzi akalia. Bartolomayo alijisikia mwepesi kiasi kwamba alisahau kabisa Daudi yuko nyuma yake, bado anapiga.

Yudith hakungoja kuitwa. Alipita katikati ya wazee na beseni lake, akapiga magoti mbele ya kigoda, akafungua kile kitambaa. Alikifungua kwa maji ya vuguvugu kidogo kidogo, kwa kuwa kilikuwa kimeshika nyama.

"Mama, kimepanda," akasema kwa sauti ya chini.

"Kimepanda kidogo."

"Ungekufa kwa ajili ya heshima, wewe."

"Osha, mtoto. Maneno mengi."

Yudith aliosha huku machozi yakidondokea beseni. Ruthu alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo mpaka kazi ikaisha. Kesho yake asubuhi walikwenda wote wawili zahanati kwa bodaboda, na nesi akawagombeza wote wawili, lakini akasema mguu utapona.

*

Wito ulikuja kabla ya wiki kwisha. Kamati ya maadili ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa ofisi ya kata, mabenchi mawili na feni isiyozunguka. Bupe alikuwa mbele, pembeni yake wawakilishi wa vyama. Hassani alikuja na suti, akimtazama kila mtu isipokuwa Bartolomayo, ambaye kwa miaka alinunua kwake nondo na mabomba, na mara nyingi Hassani alimkopesha mpaka mwisho wa mwezi. Daudi alionyesha video. Mbuzi alionekana vizuri, na Bartolomayo naye, na ile sauti yake: na uso wangu utoke.

"Anakiri mwenyewe," Daudi akasema.

Bartolomayo alianza kujieleza, na hapo mlango ukafunguka. Ruthu aliingia amemshika Yudith bega, mguu umefungwa bandeji nyeupe mpya. Hakuna aliyemwita. Alijifunika khanga upande mmoja wa uso, ule uliotazamana na mkwe wake, akasimama.

Bupe alitazama huku, akatazama kule. Alielewa kabla ya wote. "Bwana Bartolomayo," akasema, "naomba utoke nje, ili shahidi aweze kuzungumza."

"Haiwezekani!" Mwalimu Gaudence akaruka. "Mshtakiwa ana haki ya kusikia ushahidi! Ni haki ya..." Lakini Bartolomayo alikuwa ameshapita mlangoni akiwa ameinamisha kichwa.

Ruthu aliketi. Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni, akakisema polepole, neno moja moja.

"Yule mkwe wangu alinishika mkono. Hakukusudia, lakini alishika. Kwetu hilo lina mbuzi. Mimi ndiye niliyemdai. Asingegombea ningemdai. Angekuwa Rais ningemdai."

Watu wakacheka kidogo.

"Bibi," Daudi akasema, kwa adabu maana alikuwa kijana aliyelelewa, "hatukatai mila. Lakini umepokea mbuzi. Sasa kura yako utampa nani?"

"Usijibu, bibi," Bupe akasema haraka. "Kura ni siri yako. Daudi, swali hilo limefutwa."

Ruthu akamtazama Bupe, kisha Daudi. Yudith, aliyesimama nyuma ya kiti, aliona mabega ya mama yake yakipanda, akamjua, akataka kumzuia. Hakuwahi.

"Nikinyamaza," Ruthu akasema, "mtatoka hapa mkisema mbuzi amenifunga mdomo. Mtasema ni rushwa, na mkwe wangu ataitwa mtoa rushwa mpaka kufa. Basi siri sitaki. Nasema mbele yenu wote: kura yangu nampa Hassani."

Hassani akainua uso.

"Na wenzangu wa kikundi, wale wote wa karanga, nitawaambia wampe Hassani. Asije mtu akasema mbuzi nilimla na kikundi." Akaishika khanga yake vizuri. "Mbuzi nimepokea. Kura nampa mwingine. Sasa nionyesheni hiyo rushwa iko wapi."

Mwalimu Gaudence alikuwa amefumba macho. Hassani alijikohoza, akasema, "Bibi, si lazima kufika huko. Mimi naweza kuondoa malalamiko, hata sasa hivi."

"Ungeyaondoa jana," Ruthu akamjibu. "Leo nimeshasema."

Bupe aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Malalamiko yalitupwa.

Nje, Bartolomayo alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, ameutazama ukuta, mahali ambapo mkwe wake angepita bila kulazimika kumwona. Yudith alimfuata huko.

"Umeshinda," akasema. "Wameyatupa malalamiko."

"Mungu ni mwema! Kasemaje?"

Yudith akamwambia. Alimwambia yote, pamoja na wanawake wa karanga, na yeye alijua kama Bartolomayo alivyojua kwamba wanawake wale, pamoja na binti zao na wakamwana zao, ndio waliokuwa nusu ya matumaini yao. Bartolomayo alipiga kidogo tangi lile kwa vidole, kama fundi anayepima limejaa kiasi gani.

"Kaniokoa," akasema.

"Kakuokoa na kakumaliza."

"Hakuwa na njia nyingine." Akafikiri. "Na sisi tusimwombe abadilishe. Umesikia, Mama Erica? Hata kwa utani."

*

Siku ya kura Bartolomayo alikuwa kwenye foleni pale shuleni alipomwona mkwe wake anashushwa kwenye bodaboda. Akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama nyuma ya madarasa mpaka bibi akapiga na kuondoka. Mawakala walimcheka. Aliporudi alianza foleni upya, mwisho kabisa, jua la mchana likimchoma.

Hassani alishinda, na alishinda kwa mbali. Mwalimu Gaudence alisimama mbele ya karatasi za matokeo zilizobandikwa ukutani akazisoma moja moja, akiwa na matumaini mpaka ile ya mwisho. Hassani alikuja mwenyewe karakanani kumpa Bartolomayo mkono, akamwagiza geti la duka lake jipya. Bartolomayo alipokea kazi ile. Alikuwa akiihitaji. Lakini chakula hakikumpita vizuri siku zile, na Yudith alimsikia akihema kitandani kama mtu anayebeba kitu.

Alasiri moja Yudith alikuwa anamwosha mama yake mguu. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga, chekundu kizuri pembeni.

"Mkwe wangu anakula?" Ruthu akauliza.

"Kidogo."

Ruthu akasema, akiwa anatazama minyaa, "Mbona hamkuniambia kwamba kuna picha?"

"Picha gani, mama?"

"Kwenye karatasi. Niliingia pale ndani peke yangu, nikaikunjua, namwona yeye. Mkwe wangu. Ananitazama hivi, usoni kabisa." Akajivutia khanga usoni. "Sikujua nifanye nini. Nikamfunika kwa kiganja. Mkono mmoja umemfunika, mwingine unatia alama kwa Hassani. Nilimshikilia pale, nikamwambia kimoyomoyo, nisamehe baba, nisamehe."

"Mama, ungempa yeye! Ulikuwa peke yako. Nani angejua?"

"Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu." Akafuta macho kwa pindo la khanga. "Usimwambie. Funga huo mguu, mtoto wangu."

Yudith akaufunga. Njiani aliamua kwamba hatasema. Aliingia karakanani cheche zikiruka, Bartolomayo yuko juu ya geti la Hassani. Alipomwona alizima mashine, akavua miwani.

"Mguu vipi?"

"Unafunga."

"Mama kasemaje?"

Yudith akamsogelea, mume wake mwenye vumbi la chuma kwenye nyusi, akanyoosha mkono na kumwekea kiganja juu ya uso, juu ya macho, taratibu, akakishikilia hapo.

"Kwenye karatasi," akasema. "Alikufanya hivi. Mpaka alipomaliza."

Bartolomayo hakuutoa mkono. Alisimama hivyo katikati ya vyuma vya watu, na Yudith akasikia kiganja chake kinaanza kulowa.